Kichwa cha Katibu

Kuna watu unawajua kwa uso na kuna watu unawajua kwa kisogo. Katibu mimi nilimjua kwa kisogo. Kwa miaka alikuwa akija kukaa kwenye kiti changu cha saluni, na siku ya kwanza kabisa aliomba nikigeuze kisitazame kioo, kitazame mlango. Nikakigeuza. Nikafikiri labda hivyo ndivyo watu wakubwa hukaa. Kwa hiyo uso wake niliuona akiingia na akitoka tu, lakini kichwa chake ningekitambua hata stima zikipotea: mvi zilizoanzia upande wa kushoto, nywele laini kama za mtoto hapa mbele, na huku nyuma nywele kaidi zilizonivunjia meno ya kichana zaidi ya mara moja.

Jina alikuwa nalo, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Watu wa kanisani walimwita Katibu, askari wa geti lao alimwita Katibu, na mimi nikafuata. Alikuwa katibu wa muungano mdogo wa kutetea familia wenye ofisi Kilimani, orofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Mimi na Form Four yangu nilidhani katibu ni mtu wa kuandika barua na kupiga muhuri. Kumbe kazi ya huyu ilikuwa kupanda ndege. Mataifa yakikutana Geneva au New York au Addis kuandika makubaliano yao kuhusu watoto, wanawake au wazee, yeye alikuwa huko, akihakikisha kwamba wakifika penye neno familia wanaandika vile yeye na wenzake wanaamini: baba, mama, watoto, na serikali isimame nje ya geti mpaka ikaribishwe.

"Sasa ukifika unapanda jukwaani unapiga hotuba?" nilimuuliza.

"Nani anipe jukwaa, mami? Mimi nakaa kwa korido."

Hiyo korido alituhadithia mpaka tukaijua kama tumeifagia sisi. Alisema mkutano wenyewe unafungwa mlango, wajumbe wa nchi wanaingia, na watu kama yeye wanabaki nje na beji zao shingoni. Lakini nchi ndogo hutuma mtu mmoja, na huyo mmoja anatakiwa kuwa katika vyumba vitatu saa hiyo hiyo.

"Anakimbia hapa, anakimbia pale, hajala tangu asubuhi," alisema. "Sasa wewe unamngojea kwa mlango na sandwichi. Unampa. Unamwambia kule kwingine wamefika wapi, kwa sababu wewe una mtu wako kule. Akishashiba na ameona hajapitwa na kitu, hapo ndiyo unamwambia, mheshimiwa, kuna ile aya ndogo."

"Kumbe ni kama kuita kastoma," Nekesa akasema.

"Ni kitu moja. Tofauti ni wewe unavuta mkono."

Nekesa ni mwenzangu, tuliyekodi naye hicho chumba cha mabati hapa Kawangware. Anasuka haraka kunishinda na mdomo wake hauna breki. Ana mtoto wa kike ambaye siku za kawaida hulala kwenye kreti ya soda chini ya meza ya draya. Baba ya mtoto alienda kazi Mombasa na akapendana na bahari.

Katibu ndiye aliyetufundisha habari ya mabano. Wajumbe wakishindwa kuelewana juu ya maneno fulani, maneno hayo yanawekwa ndani ya mabano, na hapo hayajakubaliwa wala hayajakataliwa, yanangoja. Kuna maneno yamekaa ndani ya mabano mpaka walioyaandika wakastaafu. Tulilipenda sana hilo. Ikawa lugha ya saluni. Mteja akisema atalipa mwisho wa mwezi, Nekesa anasema huyu yuko kwa mabano. Akiulizwa habari ya baba ya mtoto, anachora mabano mawili hewani kwa vidole, katikati hakuna kitu. Katibu alicheka siku hiyo mpaka nikalazimika kuondoa mikono kichwani mwake ningoje atulie.

Alikuwa mtu wa kucheka, nisije nikamwandika kama mtu wa huzuni. Na alikuwa mtu wa kushika ndoto ya mtu mwingine kwa uangalifu. Mimi nina ndoto moja ambayo kila aliyekaa kwenye kiti changu anaijua: saluni Kilimani, yenye dirisha la kioo kutoka sakafuni mpaka juu, na maua nje, na mtu wa kumimina chai. Wengi wakisikia husema Mungu atakusaidia, yaani wamemaliza. Katibu aliuliza mlango utakuwa rangi gani. Nikasema kijani. Akasema kijani inachafuka haraka kwa mikono, weka rangi ya kahawia. Kisha akaniambia nisiseme nitafungua saluni. Niseme saluni yangu ya Kilimani.

"Ukitaka kitu iingie, ongea kama tayari imeingia. Hivyo ndivyo tunafanya na aya."

Basi nikawa nasema saluni yangu ya Kilimani, na Nekesa ananiuliza kama leo nimepeleka maua maji.

Swali la kwa nini alikuja kwetu sikulijua jibu lake kwa muda mrefu. Kutoka nyumba yake ya Lavington mpaka kwetu ni kuvuka barabara tu, lakini ni kama kuvuka mpaka wa nchi. Kule kuna kuta ndefu zenye nyaya za umeme na miti iliyopangwa mstari. Huku kuna matope, redio tatu zinazopiga nyimbo tofauti, na mama mboga anayekatakata sukuma mlangoni pako. Nilipomuuliza, alisema wasusi wa kule kwao wanaongea sana. Nekesa akaacha kazi kabisa, akamtazama.

"Katibu. Sisi?"

"Nyinyi mnaongea," alisema, "lakini hamnijui."

Mambo aliyoyaamini aliyaamini kwelikweli. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakisema wanawake kama yeye wanalipwa tu kusema. Sijui ya wengine. Yeye alikuwa na kisa alichokirudia, cha mwanamke wa kwetu magharibi ya Kenya aliyemkuta analia kwenye korido kule Geneva, si mjumbe, mfagiaji. Alimchapa mtoto kofi nyumbani, mtoto akasema shuleni, na kabla ya jioni watu wa serikali walikuwa wamechukua watoto wote. Alikuwa anawaona kwa saa chache, mtu akiwa amesimama pembeni na kalamu. "Hata lugha ya mama walikuwa wameanza kusahau," Katibu alisema, na kila alipofika hapo sauti ilimkwama, hata mara ya kumi. Hicho ndicho alichokiona kila aliposoma aya yoyote iliyosema serikali iingie nyumbani. Aliona yule mwanamke na ufagio wake.

Lakini siku moja Nekesa alimuuliza jambo. Katibu alikuwa amempakata yule mtoto, anamfuta kamasi kwa kitambaa chake cha shingo, kitambaa kizuri cha hariri, wala hakujali.

"Katibu, kwa hizo karatasi zenu, mimi na huyu ni familia ama ni nini?"

"Wewe na huyu ni familia. Nani amekuambia si familia?"

"Si nyinyi mnasema baba na mama."

"Tunasema vile inafaa kuwa. Hatusemi asiyekuwa nayo atupwe."

"Lakini kwa karatasi mtaandika nini?"

Katibu alimpangusa mtoto pua tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Kwa karatasi tutaandika vile inafaa kuwa," alisema.

Alipoondoka Nekesa alifagia nywele kimya, jambo ambalo halimtokei. Kisha akasema, "Huyo mama anampenda mtoto wangu kuliko babake, na bado hawezi kumwandika." Mimi nililelewa na nyanya na mama, bila baba ndani ya nyumba, na Katibu alilijua hilo, na kila akija alimletea nyanya yangu majani ya chai. Nilimpenda. Karatasi zake zilinipita pembeni.

Sasa nifike pale ambapo moyo wangu hausimami sawa.

Msusi anaona vitu. Ukigawanya nywele mstari kwa mstari unaona ngozi ambayo mwenyewe hajawahi kuiona. Mara ya kwanza nilikuta upande wa kulia, juu ya sikio, sehemu isiyo na nywele, ngozi nyekundu yenye vitone pale zilipong'oka. Katibu alisema ni msusi wa Addis, alivuta sana. Nikaamini. Kuna wasusi wana mikono ya kung'oa viazi. Mara ya pili ilikuwa jeraha nyuma ya sikio, limeanza kufunga. Alisema kabati la jikoni. Nekesa alikuja kuangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Mara ya tatu kulikuwa na uvimbe utosini, na kidole changu kiliugusa kabla jicho halijauona. Miguu ya Katibu iliinuka sakafuni, yote miwili, ikabaki hewani, kisha ikarudi taratibu.

Mimi ni mtu wa kuimba kazini. Siku hiyo wimbo ulinipotea katikati na sikuupata tena. Tangu hapo, kila aliposema anakuja, nilikuwa naangalia mlango tangu asubuhi. Niliogopa nitakachokikuta. Nilikuwa nagawanya nywele zake polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye giza.

Alikuwa mjane. Nyumbani aliishi na mwanawe mmoja, aliyemwita Kijana ingawa ndevu zake zilikuwa zimejaa. Alikuwa amesoma ng'ambo, amerudi na digrii mbili, na hakuna kazi iliyomtosha. Katibu alijivunia hizo digrii. Alizitaja hata pale zisipohusika. Lakini simu yake aliiweka mapajani uso juu, na Kijana akipiga haikulia mara ya pili.

"Ndiyo, baba. Ndiyo. Bado kidogo, baba. Nimeskia."

Mama zetu wote huwaita watoto wao wa kiume baba, najua. Mama yangu humwita hivyo kaka yangu mdogo akimtuma unga. Huyu alilitamka kama mtu anayeongea na askari wa barabarani.

Mara moja Kijana alikuja mwenyewe. Sitaki kumchora kama jini, hakuwa jini. Alikuwa mrefu, msafi, ananukia vizuri, na alituletea soda baridi bila kuombwa.

"Sasa warembo. Mnanitunzia mamangu?"

"Tunamtunza," Nekesa akasema, tayari anafungua soda. "Wewe ndiyo ule wa digrii?"

"Anawaambia hayo?" Alicheka. "Mama anaongea sana. Anawaambia nini ingine?"

"Anatuambia mambo ya Geneva," nikasema.

"Ya Geneva tu?"

"Ya Geneva na New York."

Akaja akaweka mkono begani mwa mamake, taratibu kabisa, kama mtoto mwenye adabu. Vidole vyangu vilikuwa kichwani. Nilisikia ngozi ya kichwa chake ikikaza, yote, kutoka paji la uso mpaka shingoni, vile ngozi ya mnyama hukaza nzi akitua. Usoni alikuwa anatabasamu. Nekesa aliona tabasamu. Mimi niliisikia ile ngozi, na nikawa nimejua.

Kijana akaondoka. Katibu ndiye aliyeongea kwanza.

"Usiniangalie hivyo."

"Katibu, niko nyuma yako, siwezi kukuangalia."

"Naskia ukiniangalia."

Nikaendelea kusuka.

"Ni mtoto wangu," alisema. "Nikisema, nasema kwa nani? Kwa polisi, wamfunge? Kwa watu wa ofisi? Miaka hii yote nimesimama nikiambia watu nyumba ijisimamie yenyewe. Wale wa upande ule mwingine wakiskia, mimi ndiyo nitakuwa mfano wao kila mkutano. Watasema, mnamjua yule mama wa Nairobi? Wataniweka kwa kila hotuba."

"Na akikuua?"

Neno lilitoka kabla sijalipima. Nekesa alizima draya.

"Hawezi," Katibu alisema haraka, haraka sana. Kisha akauliza kama tuna maji ya kunywa.

Baada ya hapo nililala vibaya wiki nyingi. Gari la wagonjwa likipita barabarani nilikuwa nasikiliza linaelekea upande gani.

Kisha mkutano ukaja kwetu. Nchi za Afrika zilikutana katikati ya jiji, katika ukumbi mkubwa wenye bendera nje, kuandika makubaliano yao juu ya wazee. Asubuhi Katibu akanipigia simu, anaongea chini chini. Kilemba chake hakikai, alisema, nije na pini na pamba. Nilifika nikapewa beji iliyoandikwa msaidizi, na nakiri nilijitazama nayo kwenye kila kioo nilichopita, mpaka nilipomkuta kwenye choo cha wanawake akinisubiri. Aliketi kwenye mfuniko wa choo, nikafungua kilemba. Jeraha lilikuwa jipya, bado lina maji. Nikaweka pamba. Nikafunga kilemba juu yake kwa namna ya kutokubana, nikakipa pembe moja ya maringo pembeni ili watu waangalie hapo. Alisimama, akavuta pumzi, akatoka kama malkia.

Ndipo nikaiona korido kwa macho yangu. Ilikuwa kama alivyosema, hata sandwichi. Nilisimama ukutani na mkoba wake. Nilikuwa nimemsikia akimweleza mwenzake habari ya aya iliyowasumbua wiki nzima: ilisema kwamba mzee akiumizwa nyumbani na mtu anayeishi naye, hata awe mtoto wake wa kumzaa, serikali iweze kumwondoa huyo mtu ndani ya nyumba. Upande wa Katibu walitaka itolewe. Walikuwa wamempa yeye mjumbe mmoja wa kumshawishi, mzee mfupi wa nchi jirani, mpole, ambaye nchi nyingine zilikuwa zinamfuata.

Mzee akatoka, akaliona tabasamu la Katibu, naye akatabasamu.

"Mama Katibu. Leo ni nini?"

"Kuku, mheshimiwa. Na haina pilipili, nakumbuka tumbo lako."

Alikula akiwa amesimama. Alipofika nusu akasema, "Lakini hii aya ya wazee, mimi sioni ubaya wake. Mama mzee anapigwa. Si asaidiwe?"

"Asaidiwe na watu wake. Kanisa liko, ukoo uko. Mheshimiwa, ukifungulia serikali mlango ije kutoa mtoto kwa nyumba ya mamake, huo mlango hutaufunga tena."

"Na kama watu wake hawajui?"

Mkono wa Katibu ulipanda mpaka kwenye kilemba, ukaishika ile pembe ya maringo, ukashuka. Mimi pale ukutani niliomba, kwa maneno kabisa, midomo ikitikisika: sema, Katibu, sema sasa, huyu mzee ana roho nzuri. Niliomba kama ninavyomwombea nyanya akipanda presha.

"Watajua," alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akapangusa mikono, akarudi ndani. Kabla ya jioni ile aya ilikuwa ndani ya mabano. Kesho yake, nikiwa nimerudi pale na pini zangu, haikuwepo. Watu wa Katibu walimkumbatia pale pale kwenye korido, mmoja akalia kwa furaha, na yeye aliwapigapiga migongo. Kisha akanishika mkono akanirudisha chooni, akafungua bomba maji yatiririke.

"Nifunge tena. Imelegea."

Hakikuwa kimelegea. Nilikifungua kilemba nikakifunga vile vile kilivyokuwa. Alikuwa anatetemeka mpaka pini zinagongana mdomoni mwangu, kwa sababu nilikuwa nimemwegemea.

Wengine wakisikia hiki kisa husema alikuwa mnafiki. Mimi nilikuwa hapo na ninasema hapana. Mnafiki anajua anachosema si kweli. Katibu alimwambia yule mzee jambo alilokuwa akilitamani kwa nguvu zake zote liwe kweli, na aliogopa, kama mimi nilivyoogopa, kwamba huenda si kweli.

Baada ya mkutano huo alikuja mara chache. Mara ya mwisho kukaa kwangu ilikuwa siku ya mvua nyepesi, hakuna safari yoyote niliyoisikia. Kijana alimleta kwa gari, akaegesha ng'ambo, karibu na bucha. Katibu akaingia, na tayari nilikuwa nimekigeuza kiti.

"Safari ya wapi, Katibu?"

"Hakuna safari. Nisuke zile ndogo kabisa."

"Zile ndogo zitamaliza siku nzima."

"Ndiyo hizo nataka."

Nikaanza. Nilipogawanya mstari wa kwanza nilikuta niliyoyaogopa, na mengine. Nilizunguka kila mahali palipouma kama mtu anayekwepa mashimo barabarani. Siku hiyo hakutuambia ya korido. Tulikunywa chai, akala mandazi nusu, mtoto wa Nekesa akalala miguuni pake. Mchana ukapita hivyo.

Mvua ilipokatika Kijana akaja mlangoni. Alitusalimia vizuri.

"Bado?"

"Bado," nikasema.

Akarudi tena baadaye, safari hii bila salamu.

"Mama, twende. Utamalizia kesho."

"Atembee Lavington na nusu kichwa?" Nekesa akasema. "Watasema amefukuzwa kwa saluni."

"Sijaongea na wewe," Kijana akamjibu, akimwangalia mamake. Kisha akaingia, akachukua mkoba wa mamake uliokuwa umening'inia ukutani, akauweka kwapani. "Mama."

Katibu alishika mikono ya kiti. Zilikuwa zimebaki nywele chache tu, kiganja kimoja, karibu na shingo. Kijana alikuwa anaziona kama nilivyoziona mimi. Sijui ni nini kiliniingia. Nikachukua mstari mzima nilioumaliza asubuhi, nikaanza kuufumua.

"Hapa nimekosea," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Nafumua. Hii yote imeenda vibaya."

Aliniangalia. Nilijua kwamba ameelewa, lakini vidole viliendelea kufumua, vilikuwa vinajua kazi yao.

Nekesa akabeba beseni la maji machafu akatoka nje. Nilimsikia akiongea na mama mboga, si kwa sauti. Punde mama mboga akaingia na sukuma yake na kisu na sinia, akaketi kwenye benchi, akaendelea kukatakata kana kwamba hapo ndipo anapokatia kila siku. Akafuata yule anayeuza mitumba, na robota lake, akalitua katikati ya mlango. Akafuata fundi wa nguo na mwanafunzi wake, kisha mama wa chapati, na unga mikononi. Hakuna aliyemsalimia Kijana na hakuna aliyemtusi. Walikaa tu, wakabanana, wakajaza chumba, mpaka akawa hana pa kuweka mguu.

"Nangoja kwa gari," akasema, akaondoka na mkoba wa mamake.

Simu ilikuwa imebaki mapajani. Katibu aliitazama muda mrefu. Kisha akampigia dada yake, yule aliyebaki nyumbani Vihiga, akaiweka kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yake yalikuwa chini ya mikono yangu.

"Katibu mwenyewe," dada akasema, anacheka, kuku wanasikika nyuma yake. "Leo uko ulaya gani?"

"Niko Kawangware. Kwa msusi."

"Eh. Kuna nini?"

Kisu cha mama mboga kikasimama.

"Kijana ananipiga," Katibu alisema. Alilisema polepole, kila neno peke yake. "Ananipiga tangu babake afariki. Saa hii yuko nje ananingoja."

Upande ule wa simu tulisikia kuku tu. Nilidhani imekatika.

"Hapo ulipo kuna watu?" dada akauliza, na hakuwa akicheka tena.

Katibu aliinua uso, akalitazama benchi, mtu mmoja mmoja.

"Wako," alisema. "Wako wengi."

"Basi usitoke hapo. Napigia wajomba walio huko Nairobi, wote, wakuje. Umeniskia? Usitoke hapo, hata akija na maneno matamu."

"Nimeskia."

Nikachukua nywele nilizozifumua nikaanza kuzisuka upya, ndogo kuliko mwanzo. Nje kulikuwa kunaanza kuingia giza. Tukasikia gari likiwashwa pale karibu na bucha, na sote tukasubiri kulisikia likienda. Lilinguruma hapo hapo muda mrefu, na hakuna aliyelisikia likiondoka.